Nafasi

Magari yangu ni kumi na moja, yanaenea kwenye beseni la kufulia.
Nimechora duara la chaki kwenye sakafu ya karakana, Kijitonyama,
nyuma ya duka la vipuri la akina Chuwa,
na kila gari lina jicho moja la kulipima lililo mbele yake.
La saba lina gurudumu bovu. Nimeliacha hivyo makusudi:
mji huu una la saba katika kila barabara.

Nikiwasha, yanazunguka kama tasbihi mkononi.
Kisha la saba linasita. Kidogo tu,
kama mtu aliyedhani ameitwa jina.
La nane linagusa breki. La tisa linabana zaidi.
La kumi linasimama kabisa,
na hakuna ajali, hakuna shimo, hakuna msafara wa mkubwa.
Foleni imezaliwa bila mama wala baba,
inatembea kinyumenyume huku magari yakielekea mbele.

Basi nikaandika kanuni.
Ongeza mwendo kwa kadiri ya pengo, punguza kwa kadiri ya hofu.
Ya kwanza ilikuwa kali mno: magari yalirukaruka
kama mgeni anayeomba radhi kila akikanyaga mkeka.
Ya pili ilikuwa pole, na la kumi na moja likagonga ukuta saa nne usiku.
Tumsifu, mwenzangu wa mambo ya umeme,
alicheka hadi akamwaga chai juu ya daftari.
"Walisema haraka haraka haina baraka," akasema.
"Hawakusema ni kwa sekunde ngapi."

Tukazitafuta. Sifuri nukta nane: hapana.
Moja nukta mbili: karibu.
Kihisi kinachelewa, mota inachelewa,
na mimi nikachelewa kuelewa
kwamba la kumi lisilitazame la tisa peke yake,
lisikilize pia habari za lililo mbele ya lililo mbele.

Jumanne, umeme umekatika, kwa mwanga wa simu,
la saba likasita.
La nane likaupokea mshtuko, likaulainisha.
La tisa likapata mnong'ono.
La kumi halikupata kitu.
Nilikaa sakafuni nikalia kidogo.
Tumsifu akajifanya anatafuta bisibisi.

Usiku uleule nikampigia kaka yangu, Shaweji.
Anauza Ubungo, katikati ya njia, chini ya barabara za juu:
feni za dashibodi, ramani ya Afrika, vifuniko vya usukani.
Nikamwambia tumeweza, foleni itakufa.
Akanyamaza kwa muda ambao ningeweza kuupima.
"Pengo mtaacha kiasi gani?"
Sekunde moja na nusu.
"Kwa mwendo gani?"
Arobaini.
Akapiga hesabu kabla sijavuta pumzi. Ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani
kabla ada haijachagua mmoja wetu.
"Mita kumi na sita na ushei," akasema.
"Na hakuna anayesimama."

Katika milinganyo yangu yeye yumo.
Anaitwa usumbufu.
Ana herufi moja tu, na kofia juu yake,
kama ile kofia yake ya jua.
Mfumo ukiwa mzuri, hata akijitokeza,
wa nyuma hawatajua kama aliwahi kuwepo.

Nafasi, tunasema, pengo la vyuma viwili.
Nafasi, tunasema, ya kazi.
Nafasi ikipatikana njoo, mama anakuulizia.

Leo nimefika mapema, kabla ya Tumsifu.
Nimesimamisha kiberiti juu ya chaki, wima,
kati ya la saba na la nane.
Nimewasha.
La nane limekiona, limepunguza, limesimama.
Nyuma yake yote yamesimama taratibu, bila kugusana.
Kanuni ya kusimama ninayo.
Mkono uko juu ya kibodi. Bado sijaandika
lingoje nini ndipo liondoke.